Mtu Aliyeitwa Kigeugeu

Juma hili nawaletea mtu ambaye wengi wetu tungemwita vuguvugu kabla hata ya kumsikiza. Ni George Savile, Bwana wa Halifax, aliyezaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1633. Alikuwa na miaka kumi tu baba yake alipofariki, wakati Waingereza wakipigana wao kwa wao, mfalme upande huu na Bunge upande ule. Naamini mtoto aliyeona hayo hasahau.

Aliingia Bunge mwaka 1660, akapanda hadi baraza la Mfalme Charles wa Pili. Sasa, Charles hakuwa na mtoto halali wa kumrithi. Aliyefuata ni ndugu yake James, Mkatoliki, na Waprotestanti wengi wakaingiwa na hofu. Mwaka 1680 ukaletwa mswada wa kumzuia James asitawale. Halifax mwenyewe hakumtaka mfalme Mkatoliki, lakini aliogopa vita vingine. Katika Baraza la Malodi alisimama tena na tena kumjibu Shaftesbury, jamaa yake kwa ndoa, mpaka mswada ukaanguka kwa kura 63 dhidi ya 30.

Ungedhani James angemshukuru, sivyo? Alipotawazwa 1685 alitaka Halifax aunge mkono kuondolewa kwa sheria zilizowafungia Wakatoliki vyeo vya serikali. Halifax akakataa. Mwaka haukuisha, akafutwa kazi.

Basi kila upande ukamwona kigeugeu. Jina walilompa lilikuwa la mtu anayesawazisha mashua, na yeye akalipokea, akaliandikia kijitabu kizima. Mashua ikilalia upande mmoja, mwenye akili anahamia upande wa pili. Watu wanaona amehama, hawaangalii mashua.

Lakini mimi kilichonishika zaidi ni barua yake ya 1687. Wakati huo waumini waliosali nje ya kanisa la serikali walikuwa wameteswa miaka mingi. Kama umesoma Safari ya Msafiri, mwandishi wake John Bunyan alikuwa mmoja wao, na alikaa gerezani miaka 12. Ghafla James akasimamisha sheria zile kwa amri yake mwenyewe, bila Bunge. Nani angekataa? Halifax akawaandikia bila kutaja jina lake: msikimbilie. Mfalme anayeweza kuweka sheria kando leo ili awape uhuru, kesho ataweka nyingine kando awanyang'anye. Kumwambia hivyo mtu ambaye mchungaji wake ametoka jela juzi si jambo rahisi.

Mwaka uliofuata James alikimbia nchi. Februari 1689 ni Halifax aliyewaomba William na Mary, kwa niaba ya Bunge, wapokee taji. Mwezi wa Mei Bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu Waprotestanti wale kuabudu. Wakatoliki waliachwa nje, na hilo tusilifiche.

Yeye hakupata raha. Alishambuliwa bungeni, akaacha cheo 1690, akafariki Aprili 1695, akazikwa Westminster Abbey. Na kitabu chake kilichosomwa sana hakikuwa cha siasa. Kilikuwa cha ushauri aliomwandikia binti yake Elizabeth, na watu waliendelea kukichapisha tena na tena muda mrefu baada ya yeye kuzikwa.