Fahamu maisha ya Lou Gehrig, mchezaji hodari aliyemalizwa nguvu na ugonjwa wa neva

Msikilizaji wetu, chukulia mvuvi wa Kibirizi aliyevuta nyavu miaka mingi, halafu mkono unaanza kulegea bila jeraha wala homa. Kikombe kinamponyoka. Ulimi unakuwa mzito. Mtaani watasema karogwa, na huenda bibi kizee wa jirani akatajwa. Leo tunakuletea maisha ya mtu aliyeishiwa nguvu namna hiyo, tena mbele ya macho ya taifa zima.

Lou Gehrig alizaliwa New York, Marekani, tarehe 19 Juni 1903. Wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ujerumani. Walipata watoto wanne, akabaki yeye peke yake. Mama yake alipika na kufua nguo za watu ili familia ile, na Lou alimsaidia.

Alicheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaopendwa sana Marekani. Mwaka 1923 alijiunga na timu ya Yankees. Kuanzia Juni 1925 hadi Aprili 1939 alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, hata alipokuwa na vidole vilivyovunjika. Mashabiki wakamwita Farasi wa Chuma.

Msimu wa 1938 nguvu zilianza kupungua. Mwaka 1939 alijikwaa akikimbia, na mpira alioupiga haukufika mbali. Wengine walidhani umri umemtupa mkono, ingawa alikuwa na miaka 35 tu. Siku moja wenzake walimpongeza kwa jambo dogo ambalo hata chipukizi angelimudu, akatambua kuwa wanamhurumia. Tarehe 2 Mei 1939, mjini Detroit, alimwomba kocha amtoe kikosini.

Siku alipotimiza miaka 36, madaktari wa kliniki ya Mayo walimpa jibu. Alikuwa na ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Hudhoofisha mikono, miguu na ulimi, mwishowe pumzi, huku akili za wengi zikibaki timamu. Tarehe 4 Julai aliaga uwanjani mbele ya watu zaidi ya 60,000. Hakulalamika, aliwashukuru wazazi, mkewe Eleanor na wenzake, akajihesabu mwenye bahati. Baadaye alifanya kazi ya kuamua wafungwa gani wa New York waachiliwe mapema. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, siku 17 kabla ya kutimiza miaka 38. Hadi leo Wamarekani wengi huuita ugonjwa huo kwa jina lake.

Je, ni nini huua neva hizo? Wakati wa Gehrig hakuna daktari aliyejua. Leo kuna mwanga. Chembe hai ya mwili ikitaka kutengeneza protini, hutoa nakala ya maelekezo ya urithi iitwayo RNA. Vipande visivyohitajika hukatwa, vinavyofaa huungwa. Ndivyo tufanyavyo redioni: tukirekodi mahojiano, tunakata vikohozi na honi za bodaboda, tunaunga maneno. Mhariri asipokuwepo, kelele hubaki katikati ya sentensi na ujumbe unapotea.

Mwaka 2006 watafiti waligundua kuwa kwa wagonjwa wengi wa ALS, protini iitwayo TDP-43 huganda mahali isipotakiwa ndani ya neva. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa protini hiyo ni mmoja wa wahariri wa RNA. Ikiacha kazi yake, vipande vibaya hubaki, na neva hukosa protini inazohitaji kujikarabati.

Makosa ya ukataji wa RNA yanaweza kurekebishwa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha nusinersen, dawa inayofanya hivyo kwa ugonjwa mwingine wa neva unaowapata zaidi watoto. Kwa ALS bado hakuna tiba ya kuponya. Dawa ya riluzole hupunguza kasi kidogo.

Kwa hiyo, ukimwona ndugu analegea mkono au ulimi, usimtafute mchawi. ALS haiambukizi. Tena udhaifu wa namna hiyo una sababu nyingine nyingi, na baadhi hutibika zikiwahiwa. Mpeleke zahanati au kituo cha afya, na ikibidi aandikiwe rufaa kwenda Maweni. Na hata akishindwa kutamka, zungumza naye kama zamani, kwani huenda anakusikia na kukuelewa vizuri.