Askofu Steere: Mwanasheria wa London aliyeandika hadithi za Unguja

MTOTO anayeanza shule Kwaluguru, wilayani Handeni, huenda amekwisha kulala usiku mwingi akisimuliwa hadithi kwa Kizigua. Darasani hukuta Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Mmoja wa waliokitengenezea Kiunguja hicho sarufi ya kuchapwa, mwaka 1870, ni Mwingereza Edward Steere.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alikuwa mwanasheria kabla ya kuingia utumishi wa Kanisa la Anglikana mwaka 1856, akatunga vitabu juu ya kuwapo kwa Mungu na juu ya mateso ya Wakristo chini ya makaizari wa Rumi. Kama angebakia katika parokia yake ndogo ya Lincolnshire, ni wachache ambao wangemkumbuka.

Mwaka 1864 alifika Unguja na rafiki yake, Askofu William Tozer wa misheni ya UMCA. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Wavulana waliookolewa majahazini ndio waliokuwa wanafunzi wake, na ndio waliopanga herufi katika mtambo wa chapa wa misheni. Mwaka 1867 alichapa mkusanyo wa maneno ya Kishambala, lugha ya majirani wa Wazigua.

Kazi yake iliyo bora kuliko zote ni Swahili Tales ya mwaka 1870. Humo hahubiri. Aliketi na wasimulizi, miongoni mwao Hamisi wa Kayi, akaziandika habari za Sultani Darai, za punda wa dobi na za mwalimu Goso kama zilivyotamkwa, Kiswahili kikitazamana na Kiingereza. Jalada linakiri kwamba waliosimulia ni wenyeji wa Unguja, lakini jina lililochapwa hapo ni la Steere peke yake.

Soko lilifungwa mwaka 1873, naye akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali pale pale. Husimuliwa kwamba mafundi walisimamisha baadhi ya nguzo juu chini alipokuwa safarini, naye akaziacha hivyo.

Alifanywa askofu mwaka 1874, akafariki Unguja Agosti 1882 na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, ambayo aliifanyia kazi, ilitoka mwaka 1891. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja, si Kimvita, kuwa lugha ya shule.