Mwenda Jean Bosco: studio yake ya kwanza ilikuwa barabarani

Hapa Murara kijana akiwa na wimbo, shida ya kwanza anayotaja ni studio. Atasema hana feza ya kulipia saa moja, umeme unakatika, na chumbani kelele za pikipiki zinaingia mpaka ndani ya mikro. Ni kweli, shida zipo. Lakini leo tunakumbuka Mkongomani mmoja ambaye wimbo wake mkubwa haukuzaliwa ndani ya studio yoyote.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, mji wa mfalme Msiri wa Wayeke. Ndiyo maana baadaye alijiita pia Mwenda wa Bayeke. Alikulia Jadotville, mji wa migodi ambao leo tunauita Likasi. Alisoma, akapata kazi ya ofisi, na saa za mapumziko alishika gitare. Alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Gumba kilishika besi, kingine kilicheza sauti ya juu. Ukimsikia bila kumuona, utaapa ni watu wawili.

Mwezi wa pili mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville. Huyu alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, na kazi yake ilikuwa kuzunguka na mashine ya kurekodi muziki wa Waafrika. Alimkuta Bosco barabarani na gitare yake. Basi, wakarekodi palepale mjini. Hapakuwa na ukumbi wala kuta za kuzuia kelele. Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikro kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza karibu na chombo au na mdomo wa mwimbaji, kila kimoja kwa wakati wake. Njo hivyo alivyopata sauti safi hata inje.

Wimbo mmoja kati ya hizo ni Masanga. Ulipewa zawadi ya muziki bora wa Afrika wa mwaka 1952, na kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikautoa kwenye disiki. Ile gitare ya barabara ya Likasi ikasikika kwenye gramofone za inchi nyingi. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alienda Nairobi, akapiga kwenye redio, na wapiga gitare wengi wa Kenya wakamufuata mtindo. Aliimba Kiswahili cha Katanga, kile chetu cha nyumbani.

Mwaka 1961 na 1962, mtaalamu David Rycroft aliandika muziki wa Bosco kwa nota, akauchambua sauti kwa sauti, sawa na vile Wazungu wanavyochambua Bach. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Miaka kumi hivi baadaye, Mwingereza John Low alikuja mpaka Katanga kujifunza gitare kwake. Mwaka 1988, huko Cape Town, alirekodi tena nyimbo zake, mara hii ndani ya studio kamili. Alifariki katika ajali ya gari huko Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Studio ya Cape Town ilikuwa na vyombo vyote. Hata hivyo, watu wakitaja jina Bosco, wanarudi kwenye ile Masanga ya 1952.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kivu na Ituri. Mwaka uleule wa 1952, Tracey alifika pia upande wetu. Alirekodi Wanande, Wabira na Wambuti, kandokando ya pori la Ituri. Sauti hizo zipo mpaka leo katika maktaba ya muziki aliyoanzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wazee walioimba wamekwisha kufa. Vijiji vingi walikoimba vimepita katika vita, na wajukuu wao wengine wako kambini. Sauti zilibaki kwa sababu mtu alisimama, akarekodi, akaandika mahali, siku na kabila.

Leo simu iliyo mfukoni mwako inarekodi kwa urahisi kuliko mashine nzito ya Tracey. Ukiwa na bibi anayejua nyimbo za kutwanga, au mzee anayepiga likembe, usingoje studio. Omba ruhusa yake kwanza. Ngoja asubuhi mapema, mbele pikipiki hazijaanza. Kaa karibu naye, sogeza simu. Kisha andika jina lake, kijiji chake na tarehe. Bila jina, kesho hakuna atakayejua ni nani aliyeimba.