IMAM ZAYNUL ABIDIN (R.A.) NA MAGUNIA YA USIKU

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, na wazazi wetu mnaosoma pamoja nao, safari hii tumeona tuwaletee maisha ya mja mwema ambaye watu wa mji wake walikula chakula chake kwa miaka bila ya kumjua. Naye ni Imam Ali bin Husayn (r.a.), aliye mashuhuri kwa jina la Zaynul Abidin, yaani pambo la wafanya ibada.

Nasaba yake

Baba yake ni Husayn (r.a.), na babu yake ni Ali bin Abi Talib (r.a.), mume wa Fatima (r.a.) binti ya Mtume (S.A.W.). Kwa kauli iliyo mashuhuri, alizaliwa mwaka 38 Hijria. Babu yake alipouawa mwaka 40 Hijria, yeye alikuwa mtoto mdogo wa miaka miwili hivi.

Msiba wa Karbala

Mwezi 10 Muharram mwaka 61 Hijria, sawa na mwaka 680 Miladia, baba yake aliuawa shahidi huko Karbala pamoja na ndugu na jamaa zake. Zaynul Abidin wakati huo alikuwa kijana wa miaka 23 hivi, naye alikuwa mgonjwa amelala hemani, hawezi kupigana. Akachukuliwa pamoja na wanawake na watoto hadi Kufa, kisha Sham, ndipo wakarudishwa Madina.

Tumezingatie jambo hili. Mtu aliyewaona watu wake wakiuawa, kisha akatembezwa miji ya watu akiwa mateka, tusingeshangaa kama angefunga mlango wake na kuwachukia viumbe wote. Yeye hakufanya hivyo. Alirudi Madina akashika ibada na elimu, hata Imam Zuhri, aliyekuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa hadithi wa zama hizo, akapokea elimu kwake na kumsifu sana. Na mlango wake wa kheri ukawa wazi kwa kila mtu.

Magunia ya usiku

Inapokewa kuwa usiku ukishaingia, Imam alikuwa akijitwika gunia la mikate au unga mgongoni mwake, akipita nyumba za mafukara wa Madina. Wenye nyumba walikipata chakula, lakini hawakumjua aliyekileta. Angeweza kumtuma mtumishi, au kutoa mchana mbele ya watu akasifiwa. Akachagua kubeba mwenyewe, tena gizani.

Kwa njia hiyo aliilinda nia yake isiingiwe na riya. Tena aliilinda heshima ya mwenye shida, maana fukara wa usiku ule hakulazimika kunyoosha mkono wala kuinamisha macho mbele ya mtu atakayekutana naye kesho msikitini.

Na siri hiyo ilikuwa na gharama yake. Kwa kuwa watu hawakuona anachokitoa, wapo waliomdhania kuwa ni bakhili. Pamoja na hayo hakujitetea, wala hakuitoa siri yake ili asafishe jina lake.

Wema wake kwa wasiomjua

Imepokewa pia kwamba siku moja alipokuwa akitoka msikitini alikutana na mtu aliyemtukana. Watumishi wake wakataka kumvamia yule mtu, Imam akawazuia. Kisha akamgeukia kwa upole, akamwuliza kama ana haja yoyote ya kusaidiwa. Mtu yule akaona haya. Imam akampa vazi alilokuwa amevaa, na akaamrisha apewe dirhamu 1,000. Tangu siku hiyo yule aliyetukana akawa anashuhudia kuwa Imam kweli ni katika kizazi cha Mtume (S.A.W.).

Na alipokuwa safarini, husimuliwa kuwa alipenda kufuatana na watu wasiomjua. Watu wakimjua walikuwa wakimtumikia kwa ajili ya nasaba yake, naye alitaka yeye ndiye awatumikie wenzake.

Kufariki kwake

Imam alifariki Madina mwaka 94 Hijria, na wapo waliosema mwaka 95. Akazikwa Baqii, kwa ami yake Hasan (r.a.). Waliomuosha waliona mgongoni mwake alama nyeusi, wakauliza ni za nini. Wakaambiwa ni alama za magunia aliyokuwa akiwabebea maskini usiku.

Siku hizo ndipo chakula cha usiku kilipokatika katika nyumba za mafukara. Wakatambua sasa kilikuwa kikitoka kwa nani. Imepokewa kuwa nyumba zilizokuwa zikilishwa naye zilifika 100, na wale waliomwita bakhili wakaujua ukweli akiwa tayari kaburini.

Mafunzo tunayoyapata

1. Wema mdogo ukidumu huwa mkubwa. Gunia moja ni mzigo wa mtu mmoja kwa usiku mmoja, lakini likiendelea miaka, nyumba 100 husimama.

2. Tusingoje shukrani. Katika Suratul Insan Allah (S.W.) amewasifu wanaolisha maskini, yatima na mateka bila ya kutaka malipo wala shukrani. Nasi wazee wetu walituusia: tenda wema uende zako.

3. Tusiharakishe kumdhania mtu ubaya. Huenda tunayemwita bakhili ana gunia lake tusiloliona.

4. Kila mmoja ana kiasi chake. Mwanafunzi hana dirhamu 1,000, lakini anaweza kumpisha mzee kiti katika basi, kumwelekeza mgeni njia, kumpa msafiri maji, kuondoa mwiba au kigae njiani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka, na hata kumkunjulia uso ndugu yako ni sadaka.

Basi kila mmoja wetu ajiulize: lau nitaondoka leo, ni nani atakayekosa kitu nilichokuwa nikimfanyia kwa siri? Kama hayupo, muda bado tunao, na tuanze usiku huu.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Imam Zaynul Abidin, atukubalie machache yetu, na atujaalie ikhlasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.