Edwin Armstrong, mwanachuo aliyetaka kujua valvu inafanyaje kazi

Wanachuo wenzangu, ukifungua redio yoyote ya zamani, karibu kila mara utakuta kazi ya mtu mmoja mle ndani, ingawa jina lake halijaandikwa kwenye kasha. Mtu huyo ni Edwin Howard Armstrong, Mmarekani aliyezaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Mimi nimemfahamu kupitia hobi yangu. Wikiendi, wenzangu wakienda mpirani, mimi nafungua redio za CB za zamani, zile simu za upepo walizopenda madereva wa malori wa Marekani. Nina mbili, nilizinunua kwa fundi kwa bei ya chakavu. Nataka niwasimulie maisha ya huyu bwana, maana makubwa aliyoyafanya aliyaanza akiwa na umri wetu, tena akiwa anasoma kama sisi.

Armstrong alikulia Yonkers, mji ulio jirani na New York. Utotoni aliugua sana hata akakaa nje ya shule kwa muda mrefu, na ugonjwa ukamwachia tabia ya kutikisa bega na shingo bila kupenda maisha yake yote. Chumba chake kilikuwa darini, kimejaa nyaya na betri. Uani alisimamisha mlingoti wa antena wa futi 125, na akawa anaupanda mwenyewe. Alipomaliza sekondari baba yake alimpa pikipiki nyekundu, na kwa pikipiki hiyo akawa anakwenda chuoni Columbia kusomea uhandisi wa umeme.

Wakati huo kulikuwa na valvu mpya, aliyoivumbua Lee de Forest mwaka 1906. Ilipokea mawimbi, lakini sauti ilikuwa hafifu mno, na hata de Forest mwenyewe hakuweza kueleza vizuri inafanyaje kazi. Watu waliitumia hivyo hivyo. Armstrong hakuridhika. Akapima umeme unaoingia na unaotoka, akagundua kwamba sehemu ya umeme unaotoka ikirudishwa kwenye mlango wa kuingilia, unakuzwa tena, na tena, na tena. Mwaka 1912, akiwa bado hajamaliza digrii, akasikia vituo vya mbali kwa nguvu kiasi kwamba hedifoni zikiwa mezani sauti ilisikika chumbani.

Jambo hili sisi tunalijua bila kujua kwamba tunalijua. Kwenye mkutano wa kampeni za serikali ya wanafunzi, mtu akisogeza maikrofoni karibu na spika, ukumbi mzima unapigiwa yowe. Sauti inatoka kwenye spika, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa upya. Armstrong aliona kwamba ukiizuia kabla ya yowe, unapata redio yenye masikio makali. Ukiiachia ipige yowe, unapata mtambo wa kurusha mawimbi. Sakiti moja, kazi mbili.

Alitaka hataza haraka. Baba yake akakataa kutoa hela hadi amalize chuo. Akauza pikipiki, bado haikutosha. Akashauriwa angalau mchoro wake ugongwe muhuri wa kisheria, kama tunavyokimbizana na mawakili msimu wa fomu za mkopo. Muhuri ule uligongwa tarehe 31 Januari 1913. Maombi yenyewe ya hataza yalikwenda miezi mingi baadaye, na ucheleweshaji huo ulimgharimu.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Paris akiwa ofisa wa jeshi. Huko, mwaka 1918, akabuni mfumo wa superheterodaini. Wazo lake ni kwamba masafa makubwa ni magumu kuyakuza vizuri, basi yachanganye na masafa mengine unayotengeneza ndani ya redio, upate masafa madogo yasiyobadilika, kisha ukuze hayo. CB yangu inapokea karibu na megahezi 27, lakini mle ndani kazi kubwa inafanyika kwenye kilohezi 455. Zipo kopo ndogo za bati zenye kiini cha feraiti juu, kinachozungushwa kama skrubu. Ukitumia bisibisi ya chuma, chuma chenyewe kinavuruga usomaji, kwa hiyo unatumia ya plastiki, taratibu, huku jicho liko kwenye mita. Kuongeza nguvu ya kurusha siwashauri, hewani kuna sheria na TCRA ndio wenye vibali. Mimi naishia upande wa kupokea.

Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa katibu wa David Sarnoff, kigogo wa kampuni ya RCA. Zawadi yake kwa bibi harusi ilikuwa redio ya kubeba ya superheterodaini. Kwa muda alikuwa tajiri, ila mahakama hazikumwacha. De Forest alidai sakiti ya kwanza ni yake, na mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa de Forest ushindi. Armstrong akaenda kwenye mkutano wa wahandisi wa redio kurudisha medali waliyompa kwa uvumbuzi ule. Wakakataa kuipokea, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Miezi michache kabla ya hukumu hiyo alikuwa ameshapata hataza za FM. Radi na mashine huvuruga nguvu ya wimbi, na redio za AM hubeba sauti kwenye nguvu hiyo hiyo. Yeye akaibeba sauti kwenye mabadiliko ya masafa, makelele yakakosa pa kushika. Mwaka 1935 wahandisi wa New York walisikia hewani maji yakimiminwa kwenye glasi. Sarnoff, rafiki yake, aliwekeza kwenye televisheni. Armstrong akajenga kituo chake mwenyewe huko Alpine, New Jersey. Mwaka 1945 serikali ikaihamishia FM kwenye megahezi 88 hadi 108, na redio za FM zilizokuwa tayari majumbani zikawa mapambo. Mwaka 1948 akaishtaki RCA.

Kesi ilimla. Mawakili walimkalisha mezani kumhoji miezi na miezi, hataza zikaisha muda, hela ikaisha. Mwaka 1953 aligombana na Marion juu ya akiba yao ya uzeeni, akampiga, Marion akaondoka kwenda kwa dada yake. Usiku wa tarehe 31 Januari 1954, miaka 41 kamili tangu muhuri ule, Armstrong alijiua. Marion ndiye aliyeendeleza kesi. RCA walilipa zaidi ya dola milioni moja, na kesi ya mwisho alishinda mwaka 1967.

Wengi husimulia maisha haya kama somo la kutokata tamaa. Mimi nasomea ualimu na siwezi kulifundisha hivyo darasani. Kuuliza valvu inafanyaje kazi, wakati mwenye valvu mwenyewe hajui, hilo nitawafundisha. Lakini alipokuwa na watu wa fani yake wamesimama wakimpigia makofi, yeye aliendelea kusubiri karatasi ya hakimu, na waliokuwa karibu naye wakaumia. Haki yake ilikuwa ya kweli, na Marion alithibitisha kwamba inaweza kudaiwa na mtu akabaki hai.

Kwa hiyo, kama kuna mwenzako hosteli anapigania matokeo yake au bumu lake, ameacha kula na haongei na mtu, usimwambie tu akaze. Nenda kakae naye. Mkiwa na redio, fungulieni FM.