Mutu mwenye alipitisha mashua Fungurume, na filme ile ilichezewa mbali

Wakaaji wa Kolwezi wamezoea kuona muji wao mu filme ile haikuchezewa kwao. Vita ya mwezi wa 5 mwaka wa 1978 ilitengenezewa filme, La légion saute sur Kolwezi, ikatoka mwaka wa 1980. Lakini miti na barabara zinazoonekana mule ni za Guyane, kule Amerika ya Kusini. Haikukuwa mara ya kwanza. Kuko filme ingine ya zamani zaidi, na yenye sifa kuliko ile, ambayo mizizi yake inagusa Fungurume, kati ya Kolwezi na Likasi. Inaitwa The African Queen. Na nyuma yake kuko maisha ya mutu mumoja, mwanajeshi wa maji wa Uingereza, jina lake Geoffrey Spicer-Simson.

Alizaliwa mwaka wa 1876 huko Tasmania, kisiwa cha Australia. Akiwa na miaka 14 tu akaingia jeshi la maji. Miaka mingi alikuwa anapima mito, Yangtze kule China, kisha Gambia. Alijua Kifaransa vizuri, na hiyo ilikuja kumusaidia huku kwetu. Lakini cheo chake kilipanda polepole sana. Wakubwa wake walimuona kuwa mutu wa kujisifu, na bahati pia haikukuwa upande wake: mwezi wa 11 mwaka wa 1914, meli Niger, ile ilikuwa chini ya amri yake, ilizamishwa na Wadachi wakati yeye alikuwa inchi kavu. Wakamuweka mu ofisi, kati ya makaratasi.

Njo mule mu ofisi kazi ilimukuta. Wadachi walikuwa wanatawala Ziwa Tanganyika na meli zao kutoka Kigoma, na Wabelgiji wa upande wa Lukuga, karibu na pale panaitwa leo Kalemie, hawakukuwa na nguvu ya kuwazuia. Muwindaji mumoja wa tembo, John Lee, alileta mupango ku serikali ya Uingereza: kubeba mashua mbili za moteri mpaka ziwani, kwa kupitia Katanga. Hakukuwa mukubwa mwingine mwenye alikuwa huru. Spicer-Simson akapewa. Zile mashua, kila moja ya mita 12 hivi, akaziita Mimi na Toutou.

Zilitoka Uingereza mwezi wa 6 mwaka wa 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Elisabethville, leo Lubumbashi, halafu mpaka Fungurume. Pale reli ilikuwa imeishia. Kwa kufika Bukama ilingojea mwaka wa 1918. Mbele ya Fungurume kulikuwa pori na milima ya Mitumba, zaidi ya kilometa 200 mpaka Sankisia.

Mutu mwenye anapita leo Fungurume anaona makamyo ya shaba. Mu mwezi wa 8 mwaka wa 1915, pale kulionekana mashini mbili za muvuke zikivuta mashua mu vumbi. Mashini zilipochoka, walifunga ngombe. Ngombe waliposhindwa, watu wakashika kamba. Mamia ya watu walikata miti na kutengeneza madaraja zaidi ya 100. Mashini zile zilikunywa maji kuliko ngombe, na ilikuwa kiangazi, kwa hiyo wamama walibeba maji ku vichwa kutoka mbali, juu mashini za wazungu zisizimike mu pori. Majina ya waingereza wa safari ile, hata hawafiki 30, yako mu vitabu. Ya wale walivuta na wale walibeba maji, hayako.

Kutoka Sankisia treni kidogo iliwafikisha Bukama, na pale mashua zikaguswa na maji ya Lualaba. Muto ulikuwa umepunguka. Walifunga mapipa matupu chini ya mashua ili zielee, na bado zikakwama ku muchanga, siku nyingi mara nyingi. Mwisho wa mwezi wa 10 walifika Kabalo, wakapanda treni tena mpaka ziwani.

Kesho ya Noeli, tarehe 26 mwezi wa 12, mashua zile mbili zilikamata meli ya Wadachi, Kingani. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916 walizamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Kwa siku zile Spicer-Simson alikuwa mutu mukubwa kweli. Alitembea na sketi, mwili wake umejaa chale za picha, na Waholoholo wa pale ziwani walikuwa wanamuangalia kwa mushangao.

Lakini kulibaki meli ya tatu, kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen. Ilipotokea, alikataa kuipiga. Wengine walisema ni woga. Mutu anaweza pia kusema ni akili, maana mashua za mita 12 zingefanya nini mbele ya meli ya mita 70? Alirudi Uingereza mugonjwa, akapewa medali, lakini hakupewa tena meli ya vita ya kuongoza. Goetzen, Wadachi wenyewe waliizamisha mwezi wa 7 mwaka wa 1916. Kisha ilitolewa chini ya maji, na Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba.

Tangu 1921 mpaka 1937 Spicer-Simson alikuwa katibu mukuu wa ofisi ya kimataifa ya kupima bahari, kule Monaco. Alikufa Canada mwezi wa 1 mwaka wa 1947.

Mwandishi C. S. Forester alikuwa ametoa riwaya yake mwaka wa 1935. Vita ile ya ziwani aliigeuza: badala ya jeshi, watu wawili na mashua moja ya zamani wanapigana na meli ya Wadachi. Mu 1951 John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kuicheza. Hawakufika Fungurume wala Kalemie. Walipiga kambi ku muto Ruiki, karibu na Ponthierville, leo Ubundu. Ruiki unaingia mu Lualaba, ile ile inapita Nzilo karibu na Kolwezi kabla ya kushuka Bukama. Maji ya kule yaliwaumiza tumbo karibu wote. Wanasimulia kama Huston na Bogart walipona juu walikunywa whisky. Kisha wakaenda Uganda, ku Butiaba na ku maporomoko ya Murchison, na vipande vingine wakavichezea Uingereza, mu studio. Meli ya Wadachi ilichezwa na Buganda, meli ya Ziwa Victoria.

Bogart alipata Oscar yake moja tu juu ya filme hii. Mashua ile alikuwa anaongoza iko leo Key Largo, mu Florida, na watalii wanalipa ili wapande.