Inyasi wa Loyola: mguu uliunga, maumivu yakabaki



Kila mwaka tarehe 31 Julai Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, wale tunaowaita Wayesuiti. Huenda habari zake ulizisikia tangu mafundisho ya kipaimara: askari aliyejeruhiwa vitani, akasoma maisha ya watakatifu akiwa kitandani, akaongoka. Baada ya hapo masimulizi yetu huruka moja kwa moja hadi Roma. Leo nakuomba tusiharakishe. Tukae kwanza kwenye kile kitanda, halafu tufuate vitanda vingine alivyolala baadaye, maana vilikuwa vingi. Ninafanya hivyo kwa sababu ninawafahamu waamini wanaoishi na maumivu ya miaka, ambao wameshaambiwa na ndugu zao kwamba wangekuwa na imani ya kweli wangekuwa wamepona. Huenda wewe ni mmoja wao. Huenda wewe ndiye uliyemwambia mwenzako hivyo.

Alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya ukoo wake huko Loyola, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alibatizwa kwa jina la Iñigo. Alilelewa katika mambo ya wakubwa, akapenda silaha, mavazi mazuri na sifa. Tarehe 20 Mei 1521, Wafaransa walipoushambulia mji wa Pamplona, tufe la mzinga lilipita katikati ya miguu yake. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya na wa kushoto ukapata jeraha. Wafaransa, ambao walikuwa adui zake, walimtendea kwa heshima. Madaktari wao wakamfunga mguu, na baada ya wiki mbili hivi akapelekwa nyumbani kwa machela, akipita njia za milimani.

Alipofika, madaktari wa kwao walitazama mguu wakaona mifupa haiko mahali pake. Labda iliungwa vibaya tangu mwanzo, labda ilitikisika njiani. Wakaamua ivunjwe upya. Hapa nadhani wale mlioanguka na bodaboda, mkaungwa kienyeji, halafu mkaambiwa na daktari kwamba mfupa lazima uvunjwe tena, mnaelewa kuliko mimi. Lakini kumbuka kwamba dawa ya usingizi kwa ajili ya operesheni ilikuja kujulikana duniani zaidi ya miaka 300 baadaye. Iñigo alivunjwa mguu akiwa macho. Hakutoa sauti, alikunja ngumi tu.

Hali ikawa mbaya. Akashindwa kula. Siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji akashauriwa aungame, akapokea sakramenti. Mkesha wa Watakatifu Petro na Paulo madaktari wakasema kwamba asipopata nafuu kufikia usiku wa manane, wahesabu amekufa. Usiku huohuo akapata nafuu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa na ibada kwa Mtakatifu Petro tangu zamani, aliamini kwamba mtakatifu huyo amemwombea. Basi huyu hakuwa mtu asiyejua uponyaji. Alishapokea neema hiyo katika mwili wake, na neno hili nakuomba ulishike, tutalirudia.

Mifupa ikaanza kuunga. Lakini chini ya goti mfupa mmoja ulikuwa umekaa juu ya mwingine, ukatokeza nje, na mguu ukawa mfupi. Kwa kijana aliyependa buti za kubana na suruali za kukaza, hilo lilikuwa aibu isiyovumilika. Akauliza kama mfupa ule unaweza kukatwa. Wakamjibu inawezekana, ila maumivu yatapita yote aliyokwisha kuyapata, kwa kuwa sehemu ile imeshapona. Kaka yake akaogopa, akasema yeye asingethubutu. Iñigo akakubali. Nyama ikapasuliwa, mfupa ukakatwa kwa msumeno. Kisha kwa siku nyingi mguu ukapakwa dawa na kuvutwa kwa vifaa ili urefuke. Alichechemea maisha yake yote.

Sitaki tumhukumu kwa operesheni hiyo ya tatu. Ni rahisi kuiita majivuno, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba aliifanya kwa kuifuata dunia. Lakini mtu aliyeumizwa hutamani mwili wake wa zamani. Nimemsikia mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo akisema kwamba hakuna anayemuuliza anataka kurudi kufanya nini. Wanamwambia tu ashukuru yuko hai. Anashukuru. Na bado angependa kubeba mjukuu.

Kuongoka kwake unakujua. Aliomba riwaya za mashujaa wa vita, hazikuwemo nyumbani, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Nipite haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1522 aliondoka nyumbani kwenda kuhiji Montserrat. Njiani alinunua viatu vya kamba, lakini alivaa kimoja tu, kwa mguu ule mbovu. Ulikuwa bado umefungwa bandeji, na ingawa alisafiri kwa kupanda nyumbu, kila jioni aliukuta umevimba. Hiyo ilikuwa karibu miezi 10 baada ya kuumia. Nakupa habari hii ndogo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mtu akishatoka hospitali amepona, na akishatubu kila kitu kimekaa sawa. Mtakatifu wetu alianza njia ya Mungu akiwa na kiatu kimoja.

Kisha akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Huko Manresa, ambako alikaa karibu mwaka mzima, aliutesa mwili wake kwa kufunga kupita kiasi, kukesha na kujipiga. Akaugua sana. Tangu hapo maumivu ya tumbo yakamfuata. Yalipungua alipokuwa Barcelona, akijifunza Kilatini darasani pamoja na watoto, naye mtu wa miaka zaidi ya 30, yakarudi kwa nguvu huko Paris. Kila baada ya wiki mbili hivi yalimshika kwa saa nzima au zaidi na kumletea homa. Mara moja yalidumu kama saa 16. Madaktari wa Paris walijaribu hiki na kile. Walipoishiwa wakasema kilichobaki ni hewa ya nyumbani kwao. Wenzake, wale aliokuwa ameweka nadhiri pamoja nao Montmartre mwaka 1534, wakamnunulia farasi mdogo, na mwaka 1535 akarudi Hispania. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Fransisko Ksaveri, ambaye miaka michache baadaye, akielekea India, meli yake ilitia nanga Malindi.

Hewa ya nyumbani ilimsaidia kwa muda tu. Alipovuka kwenda Italia alilazwa siku saba huko Bologna kwa homa, kutetemeka na maumivu yaleyale.

Sasa rudi kwenye lile neno. Mtu aliyeponywa mkesha wa Mtume Petro, aliyesali saa nyingi kila siku, aliyeadhimisha Misa kwa machozi, hakuponywa tumbo. Tunajua kutoka barua kwa Wakorintho kwamba hata Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Basi anayesimama mbele ya mgonjwa na kumwambia kwamba maumivu yake ni upungufu wa imani, ajiulize kama yuko tayari kuwaambia hivyo hao wawili. Nasema kwa ukali kidogo, nisamehe. Nimeona watu wakiacha dawa kwa kuambiwa hivyo.

Mwaka 1540 Papa Paulo III aliidhinisha Shirika la Yesu, na mwaka uliofuata Inyasi akachaguliwa kuwa mkuu wake. Miaka 15 iliyobaki aliishi Roma, akiongoza kwa barua, karibu 7,000, nyingi akiziandika au kuzisomea katibu wake kati ya shambulio moja la maumivu na jingine. Ugonjwa ulikuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya mwaka 1551 aombe kujiuzulu. Wenzake walikataa.

Namna alivyowatendea wengine inaonyesha alichojifunza kitandani. Alimwandikia Fransisko Borgia, mtawala wa Gandía aliyekuwa akifunga kupita kiasi, apunguze saa za sala na kufunga, ale vizuri, alitunze tumbo lake kama kitu cha Mungu alichokabidhiwa. Katika nyumba ya Roma alitaka mnunuzi wa chakula amletee taarifa mara mbili kwa siku kama wagonjwa wamepata walichoandikiwa na daktari. Mkuu wa shirika zima, mwenye watu hadi India na Brazil, akiuliza kama supu ya mgonjwa imepatikana! Mkuu wa nyumba anayejua maumivu huuliza hivyo.

Yeye mwenyewe aliwatii madaktari, mara nyingine kupita busara. Kiangazi kimoja daktari kijana alidhani ugonjwa wake umetokana na baridi. Akaamuru madirisha yafungwe, blanketi ziongezwe, anywe divai na asiguse maji baridi, katika joto la Roma. Inyasi alitii hadi akakaribia kuzimia kwa jasho. Hatimaye akaitwa daktari mzoefu, Alessandro Petroni, akafungua madirisha, akaondoa blanketi, akampa maji ya baridi, naye akapata nafuu. Wote wawili, hata hivyo, walikuwa wakitibu tumbo.

Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, msomaji wangu. Maumivu yanayodumu huzoeleka, na wanaoyazoea kwanza mara nyingi ni wale wasioyahisi. Mguu uliovunjika ulikusanya nyumba nzima: kaka, wapasuaji, padre wa kumwungamisha. Maumivu ya tumbo ya miaka 30 hayakuwa na bandeji ya kuonekana. Leo madaktari wanatufundisha kwamba hata baada ya mfupa kuunga na kidonda kufunga, neva zinaweza kuendelea kupiga kelele ya hatari kwa miezi au miaka, na kwamba maumivu hayo ni ya kweli hata picha ya eksirei ikiwa safi. Ndiyo maana Kanisa halingoji pumzi ya mwisho. Mpako wa wagonjwa unaweza kuuomba kabla ya operesheni kubwa, na kuupokea tena ugonjwa mzito ukizidi. Wengi wenu bado mnamwona padre akiingia wodini na mafuta mnadhani amekuja kumzika mtu. Niite mapema. Tuiteni mapema.

Julai 1556 Inyasi alizidiwa tena. Nyumbani kulikuwa na wagonjwa wengine, na madaktari waliwashughulikia zaidi hao. Alhamisi tarehe 30 alimwita katibu wake, Padre Juan de Polanco, akamwambia wakati umefika wa kwenda kumwomba Papa baraka kwa ajili yake, kwa maana alikuwa karibu kufa. Polanco alishangaa. Madaktari hawakuona hatari yoyote, naye alikuwa na barua za Hispania zinazopaswa kuondoka jioni ile. Akauliza kama anaweza kwenda kesho. Inyasi akamjibu kwamba angependelea leo, ila afanye aonavyo vema. Polanco akamuuliza Petroni, naye akasema atatoa jibu kesho. Jioni Inyasi alikula kama kawaida yake, akazungumza na wenzake juu ya shughuli ya nyumba. Barua zikaondoka.

Usiku ndugu aliyemhudumia alimsikia akihangaika, kisha akitulia, kisha akimwita Mungu mara kwa mara. Palipokucha walimkuta anakata roho. Polanco alikimbia kwa Papa Paulo IV, akaipata baraka, akarudi. Mkuu wake alikuwa ameshafariki, bila baraka ile na bila mpako mtakatifu.

Siku hiyohiyo mwili ulipasuliwa. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa Realdo Colombo, bingwa wa elimu ya viungo vya mwili, ambaye alieleza aliyoyaona katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1559. Kwa mikono yake alitoa mawe mengi yasiyohesabika, ya rangi mbalimbali, kutoka kwenye figo, mapafu, ini, na hata katika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Tumbo lenyewe, walilolitibu miaka yote hiyo, halikuwa na ugonjwa ule waliouogopa.